Mwaka wa Nguzo za Mringaringa

Tulimzika Mama Aikande mlimani, nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba na ile mibuni ya zamani ambayo hakukubali ing'olewe. Nilikuwa nimesimama pembeni ya turubai wakati mtu aliponigusa bega na kusema kwa sauti ya chini, "Kunda, umezeeka vizuri." Kugeuka, namwona Petro, fundi mwenzangu wa zamani. Nywele zilikuwa zimemwisha na tumbo limetangulia, lakini mikono ilikuwa ile ile, mipana, na kidole gumba kilichopinda kuelekea ndani. Tulishikana mikono kwa muda mrefu kuliko inavyofaa msibani. Wakati huo mjukuu wa marehemu alikuwa anasoma wasifu: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, watoto, uongozi katika umoja wa wanawake. Karakana ilipita kwa sentensi moja tu, kwamba marehemu pia alijishughulisha na biashara ya mbao. Petro akanitazama, nami nikamtazama. Baada ya maziko tulikaa kwenye benchi na sahani zetu za machalari, tukaongea mpaka vijana wakaanza kukunja viti na kutuangalia kwa jicho la kutufukuza. Mazungumzo yale ndiyo yamenifanya niandike sura hii. Nimefanya useremala maisha yangu yote, nina karakana yangu hapa Sanya Juu, na nimefundisha mafundi ambao sasa wana mafundi wao. Lakini mtu akiniuliza ufundi niliupata lini, simwambii habari za chuo wala cheti. Namwambia ulikuwa mwaka ule, kwenye banda la Mama Aikande, Soweto ya Moshi.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nimemaliza mafunzo, na karakana zote mjini zilikuwa zimenipa jibu lile lile: tunahitaji mtu wa kubeba mbao. Mama Aikande hakuniuliza kama naweza kubeba. Alinipa kipande cha mbao na randa ya mkono, akaniambia nikinyooshe, akaenda kukamua ng'ombe. Aliporudi alipitisha kiganja juu ya ubao, akasema, "Chumba chako ni kile cha nyuma." Kilikuwa chumba chembamba kilichopakana na jiko, chenye kitanda cha kamba na dirisha moja lililotazama banda la karakana. Ukuta wake ulikuwa wa mbao nyembamba, hivyo kila lililosemwa jikoni nililisikia. Asubuhi niliamshwa na harufu ya mtori na sauti ya Mama akimsimulia marehemu mume wake mambo ya jana. Mwanzoni nilidhani ana mgeni. Baadaye nikazoea, na nakiri kwamba nilianza kusubiri nisikie jina langu likitajwa humo.

Mume wake alikuwa fundi aliyejulikana mpaka Arusha. Alipofariki, fundi mkuu aliyebaki aliondoka akafungua karakana yake, na wateja wakamfuata. Waliobaki ni Petro na mimi. Petro alizaliwa kule chini kwenye mashamba ya miwa, wazazi wake wakiwa wametoka Singida kuja kukata miwa, na Kichagga alichokijua ni cha kusalimia tu na kuagiza chakula. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mpole, mwenye jicho la ajabu kwa mbao. Kila alipotoka kwa shangazi yake Chekereni alirudi na mchele mpya, na siku hiyo Mama aliacha ndizi zake akapika wali, akilalamika kwamba wali ni chakula cha watu wasio na njaa, huku akijiongezea. Tulitengeneza vitanda, stuli na makabati ya vyombo. Katikati ya banda kulikuwa na mashine iliyofunikwa kwa kitenge: meza ya ruta. Asiyeijua afikirie meza ya chuma yenye tundu katikati, na chini yake mota iliyoning'inizwa kichwa juu, ikishika kisu kinachochomoza kwenye tundu hilo. Kisu hicho ndicho tunachokiita biti. Ubao ukiusukuma kupita pale, biti inauchonga ukingo kwa umbo lake. Marehemu ndiye peke yake aliyekuwa akiitumia. Tangu aondoke, hakuna aliyeigusa.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshuka mjini, alikuja Mzee Anaeli, mzee wa kanisa kutoka usharika mmoja wa mlimani. Alikaa kwenye stuli tuliyoimaliza siku ile, akaitikisa kwanza kuipima, kisha akaeleza shida yake. Roshani ya kwaya katika kanisa lao ilishikiliwa na mabomba ya chuma. Miaka ya nyuma walikuwa wameyavika mbao ili yaonekane nguzo, mbao nne kila bomba, zimepigwa misumari kwenye kona. Kiangazi cha kwanza tu kona zikaachia. Sasa majoho ya wanakwaya yalikuwa yananasa humo, na juzi shela ya bibi harusi ilinaswa katikati ya kanisa, ndoa ikasimama huku wasimamizi wakihangaika na mkasi.

"Bibi harusi alilia?" Mama aliuliza.

"Alicheka. Mama yake ndiye aliyelia. Sasa mimi nataka kona ambayo hata kucha haiingii. Mume wako alikuwa anafunga kona hizo. Nimekuja kuuliza kama ufundi wake umebaki humu au umeondoka naye."

Mimi na Petro tulitazama chini. Mama alikuwa anamimina chai, na hakusimamisha mkono. "Umebaki," alisema.

Mzee Anaeli akatugeukia mmoja mmoja, na mimi akaniangalia kwa muda mrefu zaidi. "Basi mtanifanyia nguzo moja. Moja tu. Nitaiacha ipigwe na kiangazi chote chini ya lile bati letu. Ikifika Pasaka haijafunguka, mtavika zote. Ikifunguka, mtakuja kuing'oa wenyewe, mbele ya kwaya."

Alipotoka, Petro alisema, "Mama, humu umebaki ufundi gani?" Mama alikwenda kwenye meza ya ruta, akakunja kitenge kwa utulivu kama anayekunja nguo za mtoto, akavuta droo, akatoa kijisanduku. Ndani, kwenye kitambaa chenye mafuta, kulikuwa na biti nzito, pana kama ngumi ya mtoto, yenye makali yaliyolala kimshazari na katikati yake jino lililopinda. Nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Kwa biti hiyo mbao mbili hukutana kwenye kona kwa mshazari, na meno ya ubao mmoja huingia kwenye meno ya mwenzake, zikafungana kwa ndani. Nje unabaki mstari mwembamba tu. Ni kona nzuri kuliko zote ninazozijua, na ndiyo inayotia hasira kuliko zote, kwa sababu mkao wa biti ni mmoja tu, na ubao mmoja hupitishwa ukiwa umelala juu ya meza, mwingine ukiwa umesimama ukiegemea fensi, yaani ule ubao wa nyuma unaouongoza. Biti ikiwa juu kidogo au chini kidogo, fensi ikiwa mbele kidogo au nyuma kidogo, mbao zinakataana. Marehemu hakuwa ameandika popote jinsi alivyoipanga. Alikuwa anajua tu.

Tulianza na vipande vya mbao za kutupa. Wiki za kwanza zilikuwa aibu tupu. Nilipanga biti kwa rula na guni ya kupimia pembe, nikakata vipande viwili, vyote vimelala ili nipime kwanza kimo cha biti, nikavikutanisha, na kimoja kikawa kimepanda juu ya kingine kama ngazi. Nilipima ile ngazi, nikashusha biti kwa kipimo hicho hicho, nikakata tena. Sasa ngazi ilikuwa upande wa pili. Nikapandisha, ikarudi upande wa kwanza. Petro alikaa akipokea vipande na kuvipanga ukutani kulingana na ubaya wake. Umeme ulikuwa unakatika kila tukipata moto, na nadhani ndio uliotuokoa, maana tulilazimika kukaa kimya na kutazama. Katika kimya kimoja cha namna hiyo nilishika vipande viwili, nikavigeuza, nikavigeuza tena, na ghafla nikaona. Vipande vyote viwili vilitoka kwenye biti ile ile, vikiwa vimelala vile vile. Ili vikutane, kimoja lazima nikigeuze, cha juu kiwe chini. Kosa lilikuwa kwenye kipande hiki, na kosa lile lile lilikuwa kwenye kile, ila sasa limegeuka. Ngazi niliyokuwa naipima ilikuwa kosa mara mbili. Nami nilikuwa nairekebisha yote, ndiyo maana nilikuwa naruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kama mtu anayevuka mfereji bila kutua.

"Nusu," nilimwambia Petro. "Tuirekebishe nusu tu."

Umeme uliporudi nikashusha biti nusu ya ile ngazi. Vipande vikakutana karibu sawa. Karibu, lakini kipande kilichofuata hakikukutana vizuri, na cha baada yake ndiyo kabisa. Nilitaka kulia. Petro alichukua vipande vyote akaviegemeza dirishani, akafumba jicho moja. "Kunda, tatizo si lako. Mbao hizi hazilingani unene." Nilimwambia zimetoka kwenye mashine moja ya kurandia siku moja. Akanishika kidole akanipitishia kwenye kingo zake, na kweli, kulikuwa na tofauti ndogo ambayo jicho langu halikuiona. Kisu cha mashine ya kurandia kilikuwa kimelegea upande mmoja. Na biti ile inapangwa kwa katikati ya unene wa ubao. Unene ukibadilika, katikati inahama, hata ungeipanga vizuri namna gani. Petro akafungua ile mashine, akakaza kisu, akarandia kila kipande upya, na kuanzia siku hiyo ikawa sheria kwetu kwamba mbao za kazi na vipande vya kujaribia virandiwe pamoja, mkupuo mmoja. Sheria hiyo imebandikwa ukutani kwangu mpaka leo, na wanafunzi wangu wanadhani niliipata chuoni.

Bado kuna kitu kilikuwa kinatuchezea. Tulipanga, tukapata, na baada ya kukata kwa muda mkao ulikuwa umehama. Siku hiyo Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika, nasi hatukuwa tumemwona. Akasema, "Yeye alikuwa anaivuta." Tukageuka. Akaweka birika chini, akaonyesha kwa mkono hewani. "Anaingiza biti mpaka mwisho kwenye ile shingo ya mota inayoishika, halafu anaivuta juu kidogo, kidogo tu, ndipo anakaza. Nilikuwa naiona nikileta chai. Nikamwuliza siku moja, mbona unaivuta? Akasema, ikikaa sakafuni haikazwi, inadanganya." Petro alizima, akafungua nati. Biti yetu ilikuwa imekalia sakafu ya ile shingo. Nati ilionekana imekaza, kumbe haikuishika vizuri, na mtikisiko wa mota ulikuwa unaisogeza. Nikaivuta juu kidogo, nikakaza, nikapanga upya: katikati ya biti kwa katikati ya ubao, kujaribu, kugeuza, kurekebisha nusu. Kisha fensi, nikiirudisha nyuma kwa kuigonga taratibu kwa ngumi mpaka ncha ya ubao ikabaki kali lakini upana wake haujaliwa. Nikapitisha kipande kimoja kimelala, kingine kimesimama. Nilipovikutanisha vililia "tk", sauti ndogo kavu, na kona ikafunga. Nikapitisha ukucha. Haukukwama popote. Petro alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Mama alichukua ile kona akaenda nayo ndani, na mchana niliikuta katikati ya meza ya chakula, pembeni ya bakuli la kiburu, kama ua.

Leo nina vifaa ambavyo tungevitamani wakati ule, vipimo vyenye kioo kidogo vinavyokuonyesha namba. Vijana wangu hupanga biti kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nafurahi, lakini kila mwanafunzi mpya namfundisha kwanza kwa kucha. Nataka ajue tofauti ndogo kabisa inavyohisiwa kidoleni kabla hajaisoma kwenye namba. Wengine wananiona mama wa zamani. Wakishaharibu ubao mzuri mara moja, wanarudi.

Nguzo ya kwanza tuliitengeneza kwa mbao za mringaringa zilizokuwa bandani, mabaki ya akiba ya marehemu. Zilikuwa zimekauka miaka mingi darini kwenye nyumba ya ukoo mlimani, juu ya jiko la kuni, na zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na harufu ya moshi. Hazikutosha kukosea hata ubao mmoja. Petro aliunganisha meza ndefu za kupokelea mbele na nyuma ya ruta, akanyanyua fensi juu ili ubao unaosimama usiyumbe. Mimi nilisukuma, yeye akapokea, na tulielewana bila kusema; akitikisa kichwa napunguza mwendo, akiinua nyusi naendelea. Pande tatu tuliziunganisha bandani, kanisani mlimani tukazivika bomba, na upande wa nne tukausukuma mahali pake mbele ya Mzee Anaeli na wanakwaya wachache waliokuja mazoezini. Ulipolia "tk" mpaka juu, mwanamke mmoja wa sauti ya pili alisema, "Mae! Imejifunga yenyewe." Mzee Anaeli alisema tu, "Tutaonana Pasaka."

Desemba watu walirudi mlimani kama kawaida, magari ya Dar yakajaa njia za vihambani, kati ya migomba, na Mama alinichukua nikamsaidie kupika. Kikao cha ukoo kilifanyika sebuleni, nami nikiwa jikoni nimenyamaza juu ya sufuria la ngararimo, mlango ukiwa wazi. Mzee Kleopa, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa anasimamia nyumba ya ukoo. Alikuwa mtu mwenye sauti nzito, dereva wa pikapu yake mwenyewe, si mtu mbaya. Nilimsikia akisema, "Shemeji, mashine za kaka zinashika kutu. Karakana ina watoto wawili, mmoja wa kike, mwingine simjui hata ukoo wake. Tuziuze zikiwa bado na thamani." Wengine wakakubaliana naye kwa miguno. Niliacha kukoroga, mwiko mkononi, kwa sababu nilijua kwamba maneno yale yakipita, mimi narudi kubeba mbao za watu.

Halafu nikamsikia Mama, bila haraka. "Mashine hazishiki kutu. Kuna nguzo yetu imesimama kanisani. Nisubirini mpaka Pasaka. Ikifunguka nitauza mwenyewe, na kitenge nitawapa."

"Na isipofunguka?" Mzee Kleopa aliuliza.

"Isipofunguka, shemeji, nitakuwa na shughuli nyingi mno hata nisipate nafasi ya kukaa vikao."

Watu walicheka, na kicheko ndicho kilichompa muda alioomba. Lakini alipokuja jikoni alinipokonya mwiko akaanza kukoroga chakula ambacho hakikuhitaji kukorogwa. "Umesikia?" "Nimesikia, Mama." "Basi koroga na hili," akanisogezea sufuria la pili. Sijawahi kumpenda mtu kuliko nilivyompenda pale.

Kiangazi kilikuja kikali. Mjini vumbi lilisimama hewani siku nzima, na kila jua lilipopanda nililiwazia lile bati la kanisa. Ndipo mwezi wa pili yule mwanakwaya wa sauti ya pili alipokuja sokoni akamwambia Mama kwamba nguzo yetu inalia. Mchana, kanisa likiwa tupu, watu walikuwa wanasikia mlio wa mbao kupasuka, na habari ilishafika kwa Mzee Anaeli. Tulipanda mlimani siku hiyo hiyo, Mama, Petro na mimi. Mzee Anaeli alikuwa mlangoni mwa kanisa, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ingieni mkaone wenyewe. Mimi sijaigusa."

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Nilipiga magoti chini ya nguzo nikaweka ukucha kwenye kona, nikaupandisha taratibu mpaka mkono ulipoishia, nikapanda kwenye benchi nikaendelea. Kona ya kwanza, laini. Ya pili, laini. Nilikuwa sijamaliza ya tatu wakati mlio ulipotokea, mkali, kama tawi kavu linalovunjwa. Wote tuliruka. Petro alikuwa wa kwanza kugeuka. Mlio ulitoka kwenye nguzo ya jirani, moja ya zile za misumari. Kona yake ilikuwa imeachama kiasi cha kuingiza kidole, na msumari mmoja ulikuwa umejitokeza nje. Tulipokuwa tunautazama, ukasogea tena kidogo na kulia. Mzee Anaeli alitoa wembe mfukoni, mpya, bado kwenye karatasi yake, akauweka kwenye kona ya nguzo yetu, akajaribu kuuingiza. Wembe uliteleza juu ya mti. Akajaribu juu zaidi, akajaribu upande wa pili, mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akaurudisha kwenye karatasi.

"Kumbe nilikuja na wembe bure," alisema. Kisha akamshika Mama mkono kwa mikono yake miwili. "Mama Aikande, sina haja ya kusubiri Pasaka. Vika zote."

Nilishuka kwenye benchi. Petro alikwenda mpaka mwisho wa kanisa, akajifanya anaangalia madirisha. Nilimwacha. Najua alikuwa anafanya nini, kwa sababu nami nilikuwa nafanya hivyo hivyo, ila mimi nilikuwa na kanga ya kujifutia.

Kazi ilikuwa kubwa, na bandani hatukuwa na mbao za kutosha; zilizobaki zote zilikuwa darini kwenye nyumba ya ukoo, mikononi mwa Mzee Kleopa. Tulianza na chache tulizokuwa nazo. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimeshaipanga biti, nimejaribu, nimeridhika, na nimeinama kuchukua ubao wakati Mama alipoingia bila birika. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kwa kukaza na amevaa miwani ya kazi ya marehemu. "Nipishe kwanza," alisema. Mwaka mzima alikuwa hajawahi kuwasha mashine ile. Nilimwonyesha mahali pa kuweka mikono, na akanijibu anajua, ameona kwa miaka. Akawasha. Akalaza ubao, akausukuma kwa mwendo mmoja usiokatika mpaka Petro akaupokea upande wa pili. Mdomo wake ulikuwa unacheza, na safari hii, kwa kelele ya mota, sikusikia alikuwa anamwambia nini mume wake.

Alipozima tuliona kuna mtu mlangoni. Mzee Kleopa alikuwa amesimama pale, funguo za gari mkononi, sijui kwa muda gani. Habari za wembe zilikuwa zimemfikia. Huko mlimani zilikuwa zimeshafika kila nyumba. Tukamwamkia. Aliitikia, akaingia, akachukua kipande cha kona kutoka mezani, akapitisha ukucha kama walivyofanya wote, akakirudisha mahali pake kwa uangalifu. Kisha akaanza kulitazama paa, kuta, sakafu.

"Shemeji, banda hili ni dogo," alisema.

"Ni dogo," Mama alikubali, akipangusa miwani. "Lakini kwanza sina mbao. Zimebaki zile za darini kwako."

Mzee Kleopa alikuna shingo. Alizigeuza funguo kiganjani, na nadhani ndipo nilipomsamehe yale ya Desemba. "Gari lipo nje," alisema mwishowe. "Twendeni tukazishushe leo." Mama akasema yeye ana ng'ombe wa kukamua, twende sisi vijana. Petro akaruka nyuma ya pikapu. Nami nilikuwa nimeshashika ubavu wa gari, mguu mmoja juu ya gurudumu, nikijivuta kupanda, wakati Mzee Kleopa aliponizungukia, akanifungulia mlango wa mbele na kukifuta vumbi kiti kwa mkono wake.

"Hapana, fundi," aliniambia. "Wewe kaa mbele. Mbao utazichagua mwenyewe."